Barua Hii Isomwe Mara Mbili

Juru, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda

Mdogo wangu Spesiyoza,

Amani ikukute hapo ulipoketi. Nakuuliza magoti kwanza, kwa sababu ukiulizwa habari za afya utajibu "tunashukuru" hata kama wamekubeba kwenye machela. Basi, magoti hayajambo? Na ile michikichi ya baba iliyo upande wa ziwa bado inatoa mawese, au vijana wameikata wapate mahali pa kujenga? Huku mvua imetutendea vyema. Maharage yangu yamepanda mpaka dirishani, na asubuhi nikifungua dirisha yananigusa mkono kama yananisalimu. Sina njaa na sina baridi, wala sijagombana na mtu. Pokea habari hizo kwanza, kwa maana zilizobaki ni nzito kidogo.

Odeta mwanangu, najua ni wewe unayemsomea mama yako. Soma polepole, kwa sauti, na usiruke mstari hata mmoja. Utafika mahali utakapoona aibu kwa ajili yangu. Hapo usikohoe wala usikimbilie ukurasa unaofuata. Mama yako anaweza kusikia lolote.

Mtajiuliza kwa nini sikutuma sauti kwenye simu kama watu wa siku hizi. Nilijaribu. Kila nikianza kusema nilisikia nafsi yangu inajitetea, nikafuta. Karatasi hainipi nafasi hiyo. Tena naandika kwa taabu. Nimekata kadibodi nikatoboa dirisha jembamba la urefu wa mstari mmoja, kama nilivyowafanyia watoto wa darasa la kwanza waliokuwa wanapanda mlima kila wakiandika. Naiweka juu ya karatasi, naandika ndani ya dirisha kwa kalamu nene nyeusi, kisha naishusha. Nikifika mwisho wa ukurasa nimechoka kama niliyelima. Ndiyo maana utaona herufi kubwa hivi, Odeta. Msinicheke.

Spesi, miaka mitatu nimekuambia kwamba naumwa mgongo. Nilikudanganya. Nilipata uvimbe kwenye titi la kushoto, nikapelekwa Mbarara, wakalikata. Egide mwanangu alitaka kuwaambia, nikamkataza. Nilijua ungefunga safari na magoti hayo hayo, nami sikutaka uione njia niliyoijia huku.

Kidonda kilipona vizuri. Kisha wakanipa tembe ndogo nyeupe za kumeza kila siku kwa miaka mingi, ili ugonjwa usirudi. Usidhani ninazilaumu tembe zile, kwa maana zimenipa misimu sita ya maharage. Ila nazo zina tabia zake. Kwanza zilileta joto. Nimeketi kwa amani, mara moto unapanda kutoka kifuani hadi utosini, natoa kitenge cha bega, natoa kilemba, jasho linatiririka, na baada ya muda mfupi natetemeka natafuta sweta. Jirani yangu Mama Furaha, Mkongomani anayeuza sombe, yaani kisamvu, na samaki mbele ya nyumba yake, aliniona hivyo akasema, "Mwalimu, umerudi kuwa kijana. Tukutafutie bwana?" Nikamwambia atafute mwenye feni.

Kisha miguu ikaanza kukaza misuli, nikawa natembea kama bata. Hayo yote niliyazoea. Macho ndiyo yaliyoniumiza roho.

Yalianza kukauka, kama yametiwa mchanga. Halafu ukungu ukaja. Mwaka wa kwanza nilibadilisha miwani na kufikiri ni uzee. Mwaka wa pili nikitazama katikati ya neno naona doa, lakini pembeni naona. Unajua mimi ni nani bila kusoma, Spesi. Hapa Juru mimi ndiye nisomaye somo la kwanza kanisani kila Jumapili, na nyumbani kwangu watu huja na barua zao, karatasi za mgawo wa chakula na vyeti vya watoto. Wananiita Mwalimu, hata wale wasiojua jina langu. Niliona aibu kusema kwamba Mwalimu hasomi tena.

Kwa hiyo nikatafuta ujanja. Nadine, mke wa Egide, alikuwa ananisomea somo la Jumapili siku ya Jumamosi, mara tatu au nne, tukichambua mchele. Nikisikia mara nne nimeshika. Jumapili nasimama mbele, nafungua kitabu, nashusha macho na kuyapandisha kama inavyotakiwa, na kusema yote kwa kichwa. Watu walisifu kwamba siku hizi nasoma kwa kuwatazama usoni. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima.

Sasa sikia jinsi Mungu alivyonishika. Jumapili moja iliangukiwa na sikukuu kubwa ya mtakatifu, na sikukuu ya namna hiyo huondoa somo la Jumapili na kuleta lake. Mimi niliyefundisha katekisimu miaka thelathini nilisahau. Katekista alinifungulia kitabu mahali pa sikukuu, nami nikasimama nikatoa somo la Jumapili ya kawaida, zima, kwa sauti nzuri, kitabu kikiwa wazi mbele yangu kinasema mambo mengine kabisa. Nilipomaliza, waumini waliitikia kwa furaha. Padri akaendelea na misa.

Tulipotoka Mama Furaha alinishika mkono. "Mwalimu, leo umesoma muzuri sana. Lakini kitabu kilikuwa kinasema ingine."

"Umejuaje," nikamwuliza, "nawe hujui kusoma?"

"Mi sijui kusoma barua, lakini najua kusoma sura. Padri alikuwa anakuangalia sawa mutu aliomba samaki na banamuletea sombe. Na weye macho yako haikuwa mu kitabu. Ilikuwa ku mulango."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini neno lake lilinibaki moyoni, nawe utaona kwa nini.

Baada ya hapo niliongeza ujinga juu ya ujinga. Nilijiambia kwamba tembe ndizo zinazoniziba macho, basi nikiacha kuzimeza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, nitaona vizuri kanisani, kisha Jumatatu naanza tena. Sikumwambia mtu. Nilizifunga kwenye kitambaa na kuziweka ndani ya birika la chai lisilotumika. Nilifanya hivyo miezi minne, na macho hayakuongeza nuru hata kidogo.

Nadine ndiye aliyelitaka birika siku ya wageni. Alizikuta tembe, akangoja wageni waondoke. Kesho yake alinivalisha viatu, tukapanda gari mpaka Kabingo, tukapanda jingine hadi Mbarara. Kliniki ya macho inaanza mapema, kwa hiyo tulilala mtaa wa Nyamityobora kwa mama mmoja wa kwetu Rumonge, anayekaanga ndagala, dagaa wa kwetu, kama mama yetu alivyokuwa akikaanga, mpaka zinalia mdomoni. Nilikula nikajisikia msichana.

Aliyenipima macho ni binti mrefu, mtoto wa mwanajeshi, aliyezaliwa kambini pale Mbarara. Kiswahili chake kimevaa buti, lakini kina moyo.

"Mama, weka kidevu hapa. Usifunga macho. Wewe nakunywa hii dawa kila siku?"

"Kila siku," nikasema, "isipokuwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili."

Akaacha mashine yake akanitazama. "Sasa hiyo ni kila siku ya nani?"

Nadine akageuka ukutani ili asicheke.

"Sikia, mama. Dawa hii haiko kama mgeni, ati jioni naenda kwake. Inakaa ndani ya mwili wiki mingi. Wewe nakuacha siku tatu, macho haijui. Lakini ugonjwa inajua."

Alinieleza kwamba jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, na nyuma ya macho yote mawili kuna chembechembe ambazo tembe zimeacha, jambo lisilompata kila mtu. Akasema ningekuja mwanzoni wangebadilisha dawa mapema. Akaniuliza kwa nini sikusema. Nikamjibu kwamba mimi ni mwalimu. Akasema, "Basi leo wewe ni mwanafunzi," akanipeleka mwenyewe kwa madaktari wa titi. Wao wakanipima upya, mpaka mifupa, wakabadilisha tembe, wakaandika karatasi ya Kiingereza ya kupeleka kwenye kituo cha afya cha huku.

Tuliporudi nyumbani nilimwomba Nadine anisomee karatasi ile, kwa sababu amesoma shule za Uganda. Akasoma: "Wanasema umeze tembe mpya kila siku. Viungo vinaweza kuuma. Ule vizuri. Urudi baada ya miezi mitatu."

"Ukurasa mzima, mwanangu, na sentensi nne tu?"

"Kiingereza kina maneno mengi, Mama."

Nikaikunja karatasi. Lakini mwalimu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote anajua ukubwa wa jibu. Baada ya wiki kadhaa Egide, ambaye hufanya kazi kwenye kituo cha maziwa cha Bwizibwera na huja Jumapili, aliniletea kioo kikubwa cha kukuzia maandishi. Nadine alipokwenda kuchota maji nilitoa ile karatasi, nikakaa mlangoni penye jua, nikaipitia herufi moja moja kwa pembe ya jicho. Kiingereza sikijui, ila neno moja refu liliandikwa karibu sawa na la Kifaransa, na hilo nalijua. Maana yake ni kwamba ugonjwa umetoka ulipozaliwa, ukaenda kujenga mahali pengine. Nikasema moyoni, ugonjwa wangu nao umekuwa mkimbizi.

Nadine aliporudi nilimwambia, "Nisomee tena karatasi ya daktari."

"Si nilishakusomea, Mama?"

"Mama yangu alitaka kila barua isomwe mara mbili."

Akaanza zile sentensi nne. Nikaweka kidole. "Na mstari huu?"

Nikaona ndoo ingali mkononi mwake, maji yanamwagikia miguu.

"Unasema ugonjwa umefika kwenye mifupa ya mgongo na ya nyonga," akasema.

"Na huu?"

"Unasema wakupe dawa za maumivu. Na kwamba usinyimwe chochote unachopenda kula."

"Hapo ndipo uliponidhulumu," nikamwambia. "Wiki zote hizi unanipa uji bila sukari."

Akacheka huku analia, akaketi chini kando yangu. "Nilikuonea huruma, Mama. Niliona ukijua, utakata tamaa."

"Huruma yako ninaipokea, mwanangu. Lakini barua ni ya mwenyewe. Msomaji hana haki ya kukata kitu."

Nilipotoa maneno hayo, Spesi, nilijisikia ninavyomhukumu Nadine, nikajiona mimi, msichana wa miaka ishirini na miwili, nimesimama uani kwetu Rumonge na barua mkononi.

Odeta, ni hapa. Soma polepole.

Unakumbuka ile shule ya masista kule Bujumbura, walikofundisha wasichana wakubwa kusoma na kushona. Ulikuwa na miaka kumi na saba. Shule ya msingi ilinichukua mimi, kwa sababu baba alikuwa na uwezo wa kumpeleka mmoja, nawe ulibaki na mihogo na mbuzi. Uliniomba niwaandikie masista, nikawaandikia kwa moyo mweupe. Jibu lilikuja wakati miguu ya mama ilikuwa imeanza kulemaa. Ulisimama karibu nami sana nilipofungua bahasha, nilisikia harufu ya mihogo mikononi mwako. Mama alikuwa kwenye mkeka. Nikasoma kwa sauti: "Tunasikitika. Nafasi zimejaa."

Barua haikusema hivyo. Ilisema nafasi ipo. Ilisema uje baada ya Pasaka, ulete shuka moja, sahani na kikombe.

Mama alisema, kama alivyosema kwa kila barua, "Mpelekeeni Barnabe katekista aisome mara ya pili." Nikajibu kwamba Barnabe amesafiri. Barnabe hakusafiri. Nilikuwa nimemwona asubuhi ile juu ya paa lake anaezeka.

Sababu naijua, wala haina uzuri wowote. Nilikuwa nimepewa darasa langu la kwanza, miezi mitatu tu. Watoto arobaini walikuwa wakisimama nikiingia. Kama wewe ungekwenda, ningeitwa nyumbani kumwuguza mama, nami sikutaka kuiacha chaki. Nilijiambia kwamba mwakani nitawaandikia tena masista. Sikuandika. Ulimwuguza mama miaka kumi na mmoja, ukambeba mgongoni mpaka kanisani, nami nilikuja likizo na sabuni nzuri, watu wakanisifu.

Sisemi maisha yako yaliharibika, ungenikasirikia. Ulipata mume mwema, ukampata Odeta, na nyumba yako haijawahi kukosa mgeni. Lakini nakumbuka siku ya ndoa ya Odeta pale ofisi ya komini. Karani alikupa kalamu, ukacheka ukasema, "Kidole changu kinajua jina langu." Wote tukacheka. Kisha nikaona unapangusa ule wino kwenye upindo wa nguo yako haraka haraka, ukiuficha kama uchafu. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Ningeweza kusema siku ile, nikala wali wa harusi.

Tangu Nadine alipokaa chini na ndoo yake, neno la Mama Furaha halinitoki, kwamba asiyejua kusoma barua husoma sura. Wewe siku ile ulinitazama usoni, Spesi. Ulinitazama kwa muda, kisha ukasema, "Basi, Mungu hakutaka," ukarudi kumenya mihogo. Nimejiuliza kama ulisoma. Kama ulijua miaka yote hii, ukaendelea kunifungia ndagala kila nilipoondoka, basi wewe ndiye uliyesoma vizuri kuliko mimi.

Barua ya masista sikuichoma. Ilikaa ndani ya kitabu changu cha misa, nikavuka nayo mipaka nilipokimbia na nguo mbili. Nimeiweka humu, nyuma ya ukurasa huu. Odeta atakusomea hii na ile. Kisha uchague mwenyewe mtu mwingine, yeyote unayemwamini, azisome zote mbili tena. Ni desturi ya mama, nami ndiye niliyeivunja.

Sikuandikii haya kwa hofu. Tembe mpya zinaniuma vidole na magoti, kwa hiyo sasa tunalingana. Joto limepungua. Ukungu umetulia, hauendi mbele wala nyuma. Waliniambia jicho la kushoto linaweza kupasuliwa, nikawashukuru nikasema hapana, macho niliyo nayo yanatosha kazi iliyobaki, na kazi yenyewe ilikuwa barua hii. Nilimwendea padri nikamwambia habari ya kitabu. Akasema alijua tangu ile sikukuu, alikuwa ananingoja. Sasa Nadine ndiye anayesoma kanisani, nami nakaa benchi la kwanza na Mama Furaha, namsahihisha moyoni tu. Uji una sukari. Egide ananiletea mtindi wa Bwizibwera kila Jumapili. Nikiketi mlangoni naona rangi ya ziwa la huku ingawa sioni mwisho wake, na naridhika.

Nisalimie shemeji yangu, mzee wa nyumba yako, mwambie nakumbuka alivyonipokea kama dada yake. Nisalimie Yustina, mke wa marehemu kaka yetu, na yule fundi cherehani wa karibu na soko aliyenishonea gauni la mwisho kabla sijaondoka, kama yu hai. Msalimie Barnabe kaburini kwake, ukipita. Wajukuu wote uwashike vichwa kwa niaba yangu. Nadine, mkwe wangu, na Egide mwanangu wanakusalimu, na Mama Furaha anasema anakujua kwa jinsi ninavyokutaja.

Utakuta humu karatasi moja tupu. Hiyo ndiyo ya jibu. Sitaki Odeta aniandikie maneno, kwa sababu itabidi mtu anisomee, na nimechoka kuishi katika midomo ya wasomaji, kama wewe ulivyoishi. Ukiona unaweza kunisamehe, chovya kidole gumba katika wino ukikandamize katikati ya karatasi, kikubwa, bila kuficha. Ukiona bado, nirudishie ikiwa tupu, nami nitajua kwamba umeisikia barua yangu, na hiyo pia ni haki yako. Yoyote itakayokuja nitaiona mwenyewe.

Ni mimi dada yako, niliyebebwa kabla yako kwenye mgongo ule ule,

Jenerose